Homa ya Papasi na Kitanda cha Mjomba

Wewe unayetetemeka chini ya blanketi jua likiwa utosini, na wenzako wanakuambia mbona hakuna baridi, mimi nakuamini. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Kusema mbele za watu siwezi, sauti yangu hukwama kooni kama mwiba wa samaki, lakini kuandika nilifundishwa na mapadre, na baadaye shule kubwa ya pwani. Sasa nimepona, mvua zimeanza vizuri, nina njaa kila saa, na nataka yeyote atakayepitishwa nilikopita ajue kwamba siku hizo mbaya zina mwisho. Tena zina vichekesho.

Jina langu Anselmi. Kwetu ni Ifakara, karibu na mto. Baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, nyumbani tulibaki mama yangu, mimi na Mjomba Ligoha, kaka yake mama. Mjomba alikuwa amepigana na Wajerumani. Hakupenda kulisimulia jambo hilo, ila sikio lake moja lilikuwa limeliwa na risasi, na lilisimulia lenyewe.

Kiangazi kilichopita, nyasi zikiwa zimekwisha kuchomwa bondeni, amri ilimfikia jumbe wetu kwamba atoe vijana kwa ajili ya kikosi kipya cha wapelelezi. Walitaka watu wanaolijua bonde, wanaovuka mto bila kelele, wanaokaa siku nzima ndani ya matete bila kukohoa. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilijua kusoma. Sikujiuliza nataka au sitaki, na hakuna aliyeniuliza. Tulielezwa jambo moja tu: atakayeanguka mazoezini mara tatu anatolewa kikosini na kupelekwa kwa wapagazi. Nyinyi mnajua wapagazi wanavyokwenda. Mnajua pia wangapi hurudi. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba nilipenda uaskari. Nilichotaka ni kutoanguka mara tatu, basi.

Asubuhi ya kuondoka mama alinipa kibuyu kidogo cha ugoro kilichozibwa kwa kitambaa.

"Mama, mimi sivuti ugoro."

"Si ugoro. Ni papasi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza pole pole, kama anamweleza mtoto. Papasi wale aliwakusanya kwenye nyufa za sakafu yetu. Nifikapo kambini niwaachie waniume kidogo kidogo, kama walivyoniuma tangu utotoni. Ndivyo bibi yake alivyofanya kila aliposafiri.

"Hawa wa kwetu wanakujua," alisema. "Wale wa huko hawakujui."

Sisemi ni dawa. Wala sikuambii ufanye hivyo. Nasema tu kwamba nilikiweka kibuyu mkobani, kwa sababu mama alikuwa analia na mimi sikutaka kubishana na mtu anayelia. Mjomba alikuwa mlangoni anachonga mpini wa jembe. Nilipiga goti.

"Shikamoo, Mjomba."

Hakujibu. Aliendelea kuchonga. Nilisubiri, nikainuka, nikaenda. Shikamoo ile niliiacha pale sakafuni pamoja na vumbi la mti.

Kambi yetu ilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, kwenye banda la zamani walimokuwa wakilala wapagazi wa misafara. Mkuu wa mazoezi alikuwa Shaushi Bilali, sajenti mrefu mweusi kutoka Sudani, mwenye miguu kama nguzo za kanisa. Bwana mkubwa Mjerumani tulimwona Jumapili tu. Siku zote nyingine Shaushi ndiye aliyekuwa mvua na jua.

Siku ya kwanza alikagua mikoba. Alipofika kwangu akatoa kibuyu, na safu nzima ikanyamaza. Nilielewa nikiwa nimechelewa. Kibuyu kidogo kilichofungwa kitambaa, mikononi mwa kijana wa Ifakara, miaka michache tu baada ya vita! Watu walinyongwa kwa vibuyu vya maji ya dawa vya namna ile.

"Ni maji?" aliuliza taratibu sana.

Nilitikisa kichwa. Sauti haikutoka.

"Basi ni nini?"

"U-ugoro," alijibu kwa niaba yangu kijana aliyesimama kando yangu. Huyu alikuwa Sefu, mtoto wa mwenye duka Ifakara, mdomo wake haujawahi kupata likizo. Alidhani ananiokoa.

Uso wa Shaushi ukafunguka. Alikuwa mpenzi mkubwa wa ugoro. Akafungua kitambaa, akamimina kiganjani, akainua kiganja puani. Papasi wakaanza kutembea.

Aliruka, wallahi, mtu mzima na nyota zake. Papasi wakaenda hewani, kofia ikaenda kwingine. Kibuyu akakitupa motoni, kikapasuka. Alipopata pumzi akanisogelea mpaka nikanusa jasho lake.

"Wewe umekuja na kikosi chako mwenyewe?"

Safu ikavunjika kwa kicheko. Tangu siku hiyo niliitwa Bwana Papasi, na usiku huohuo papasi wa pale, wasionijua, wakaanza kujitambulisha. Maana sheria ya kambi ilikuwa kwamba mpelelezi halali kitandani. Kitanda ni cha karani na mwanamke anayenyonyesha, alisema Shaushi. Yeye mwenyewe hakujibagua, alilala chini pia, ila nje karibu na moto, kwa kuwa alipenda kuziona nyota. Sisi tulilala bandani, juu ya udongo uliopasuka-pasuka, tukijisifu kwamba ni ugumu.

Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi. Kabla jua halijachomoza tunakimbia mchangani na mfuko wa mchanga mgongoni. Kisha mtoni, kuvuka na bunduki juu ya kichwa, na ikilowa unarudia. Mchana tunalala kifudifudi kwenye matete, mbu na siafu wakitutembelea, na Shaushi anapita na fimbo akitafuta jani linalotikisika. Kutembea juu ya mabua makavu ya mpunga bila mabua kulia. Kutazama njia mara moja, kisha kueleza umeona nini, nyayo ngapi, za nani, zina umri gani. Mwili ulichoka, lakini kichwa kilichoka zaidi. Usiku mikono yangu ilikuwa inalala na kichwa kinaendelea kuhesabu nyayo.

Kilichonishinda ni sauti. Kila mtu alitakiwa kujibu kwa kupaza, nami nilikuwa nanong'ona. Shaushi akanipeleka ukingoni mwa mto, akaniamuru nilitangazie jina langu ng'ambo mpaka ng'ambo ijibu. Nilipiga kelele mpaka koo likachubuka. Mwishowe kiboko aliyekuwa majini akaguna.

"Haya," alisema Shaushi, "mmoja amekusikia. Kesho tutafute wa pili."

Homa ilinikuta ndani ya matete. Nilidhani ni ubaridi wa tope. Matete yakaanza kutikisika, nikawa najiuliza ni mjinga gani anayetikisa, kumbe ni mimi. Shaushi akaja, akapiga fimbo mgongoni mwangu, sikuhisi. Nilipojaribu kusimama nikaanguka kifudifudi. Mara ya kwanza.

Walinibeba mpaka baraza la spitali ya kambi. Ngoja niwaambie kuhusu baraza hilo, maana ndipo utakapokaa. Ni ukuta mfupi wa udongo, umelainishwa na makalio ya wagonjwa. Unakaa mwanzo wa ukuta, anayeingia ndani anakuachia nafasi, unasogea. Kusogea kule ndiko kalenda. Kulikuwa na mwenye donda mguuni, mwenye jicho, na mzee mpishi aliyekuja kila siku bila ugonjwa kwa kuwa alipenda mazungumzo. Kichwa kilikuwa kinaniuma kama kinatwangwa, viungo vyote vinalalamika kwa zamu, lakini yule mpishi alikuwa akisimulia jinsi Mjerumani mmoja alivyokula pilipili akidhani ni nyanya, nami nikacheka huku nalia. Chukua kila kicheko utakachopewa barazani. Hakiuzwi.

Msaidizi wa daktari, Mikaeli, alinipa kwinini. Masikio yakavuma kama mzinga, homa haikujali. Kisha siku moja adhuhuri, ghafla, jasho likanitoka kama nimemwagiwa ndoo, na mwili ukapoa. Ukapoa kabisa! Nililala pale nikisikia mikono yangu ni yangu tena. Niliona kunguru ukutani, nikampenda.

Nilirudi kikosini nikila kama kiwavi. Nilipona, mnaona? Kwa furaha nikampa Sefu blanketi langu la pili, nikamwambia mimi nimekwisha kumalizana na baridi. Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo wengi hukosea. Homa ya papasi hupenda kwenda matembezi. Inakuachia kama wiki, unanenepa kidogo, kisha inarudi kama mgeni aliyesahau fimbo yake.

Ilinirudia tukiwa mtoni. Nilianguka na bunduki, na bunduki ikalowa. Mara ya pili.

"Sefu," nilinong'ona jioni ile, meno yakigongana, "lile blanketi..."

"Ulisema umemalizana na baridi."

"Baridi haijamalizana na mimi."

Akanirushia, na la kwake juu.

Safari hii nilibadilika mwili. Macho yakawa manjano kama ya paka. Damu ilinitoka puani bila kupigwa. Mkanda ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine. Miguu yangu, ambayo sijawahi kuisifu, sasa ilikuwa ya korongo, na nilipooga mtoni nilitazama pembeni ili nisiione. Lakini lililoniumiza lilikuwa hesabu: mara mbili. Shaushi alikuja barazani, akasimama akinitazama.

"Bwana Papasi, imebaki moja."

"Ndiyo, Shaushi."

"Sema kwa sauti."

"Ndiyo, Shaushi!"

Habari ilifika Ifakara kwa mtumbwi. Siku mbili baadaye, nimelala barazani, jasho limekwisha kunitoka, niliona kitanda kinakuja njiani. Nilidhani homa imerudi. Kitanda cha kamba, kipya, kimeinuliwa juu na miguu yake minne ikitazama mbinguni kama mbuzi aliyekufa, na chini yake mtu anatembea. Nyuma yake mama, na kikapu cha mchele, kambale wakavu na kuku aliyekuwa akipinga safari nzima.

Kitanda kikashushwa. Chini yake alikuwa Mjomba Ligoha.

Aliingia ndani ya kambi ya Wajerumani kwa miguu yake, na sikio lake lile. Askari wawili waliliangalia sikio, wakaangaliana. Hakunisalimu wala hakunitazama. Mama alikuwa amekwisha kunishika uso, akinihesabu mbavu na kumtukana kila papasi wa Lupiro. Shaushi akaja kwa hatua ndefu.

"Hiki nini?"

"Kitanda," alisema Mjomba.

"Askari wangu halali kitandani. Analala chini kama mimi."

"Kitanda si cha askari. Ni cha mgonjwa." Mjomba alipangusa jasho. "Akipona nitakuja kukichukua."

Walitazamana, watu wazima wawili ambao huenda waliwahi kutazamana siku nyingine, kupitia mitutu. Kuku akalia. Mwishowe Shaushi akainama, akapima urefu wa miguu ya kitanda kwa shubiri yake.

"Mbona miguu mirefu hivi?"

"Papasi mwenyewe hajui kuruka," alisema Mjomba. "Anatambaa. Kiweke mbali na ukuta, miguu ndani ya majivu."

"Akipona tu," alisema Shaushi, akaenda zake.

Mjomba naye akaondoka bila neno kwangu. Lakini nilipojinyoosha juu ya kitanda kile nilikuta kamba zimekazwa zaidi upande wa kichwani, kama ninavyopenda tangu mdogo. Mtu asiyekupenda hakumbuki hilo.

Nikala kuku. Nikala wali. Nililala usingizi wa nyumbani, wenzangu wakinizomea kutoka sakafuni: "Karani, unanyonyesha saa ngapi?" Nikawajibu kwa koromo.

Mvua za kwanza zikaanza kupiga jioni, moto wa Shaushi ukazimika, naye akahamia bandani, chini pamoja na wengine. Wiki moja hivi baadaye likaja jaribio la mwisho. Tuende wawili wawili mpaka maporomoko ya Sanje, mlimani, turudi na kibuyu cha maji ya pale, bila kuonekana na doria zilizowekwa njiani. Atakayeanguka njiani amehesabiwa. Mwenzangu alikuwa Sefu.

"Tukachote maji tukayalete kwa Mjerumani," alinong'ona Sefu. "Mjomba wako akisikia atacheka mpaka sikio limrudie."

Tulivuka mto alfajiri, tukapita nyuma ya mashamba ya Ifakara. Niliuona moshi wa jikoni kwetu, nikapita. Nilijisikia mwepesi. Mang'ula tulipita tukitambaa kwenye nyasi, doria wanapiga soga hatua chache tu kutoka kwetu, na Sefu, huyo Sefu, alinyamaza! Nilifurahi kiasi kwamba nilitaka kucheka kwa sauti. Milima ilikuwa mbele yetu, mibichi kwa mvua, ukungu umeikalia.

Chini ya Sanje, mchana wa siku ya pili, matete ya ndani yakaanza kutikisika.

"Sefu. Imekuja."

Aligeuka, akaona meno yangu. "Usianguke. Shika bega. Usianguke, Anselmi, wapagazi watakuua."

Magoti yalikuwa yanakwenda yenyewe. Tuliona shamba la migomba, na mama mmoja anakata majani. Nikafanya jambo ambalo mwenye aibu hafanyi. Sikusubiri kukaribishwa. Nikachagua mgomba mnene, nikaegemeza mgongo, nikateremka pole pole mpaka nikakaa. Nilikaa mwenyewe, kwa akili zangu.

Yule mama akaja na panga lake, akatutazama.

"Huyu ndiye askari? Mbona anatetemeka kabla hajaona adui?"

"Adui yuko ndani, mama," alisema Sefu.

"Papasi?"

"Papasi."

"Pole, mwanangu. Mdogo wangu walimkumba hivyohivyo, sasa ana watoto sita na kelele nyingi." Akanifunika majani ya migomba, akaniletea uji wa moto, akanitania kwa kuniita mume wake mpaka uso ukaniwaka kwa kitu kingine zaidi ya homa. Sefu alipanda maporomokoni peke yake, akarudi na kibuyu kimejaa. Tulilala kwa yule mama. Homa safari hii ilikuwa imechoka kuliko mimi. Kesho yake jua halijafika utosini, jasho likanitoka, nikapoa. Nililia kidogo, kwa raha, na yule mama akajifanya anatafuta panga.

Tulirudi kambini wa mwisho. Wenzetu wote walikuwa wamekusanyika mbele ya banda, wamekaa kimya cha ajabu, mashavu yamevimba kwa kitu fulani. Tukaingia kutoa taarifa. Katikati ya banda kilikuwa kitanda changu, miguu ndani ya majivu. Juu yake, chini ya lundo la blanketi, alikuwa Shaushi Bilali. Miguu yake ilining'inia nje toka magotini, na kitanda kizima kilikuwa kinatetemeka mpaka majivu yanaruka.

"Ta-taarifa," alisema.

Sefu alikaza mgongo. "Kibuyu kimejaa, Shaushi. Hatukuonekana. Hakuna lililotokea njiani."

Nilimwangalia Sefu. Alikuwa ananiokoa tena, kama kwa ugoro. Kisha nikamwangalia Shaushi, na macho yake ya manjano kama yangu, na nikajua atagundua tu, maana aliyeumwa anamtambua mwenzake. Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka ile ya ukingoni mwa mto.

"Homa ilinishika Sanje, Shaushi! Nilikaa chini! Sikuanguka!"

Nje mtu alikohoa. Shaushi akanitazama muda mrefu, meno yakigongana. Hapo ndipo maisha yangu yalipokuwa, kati ya meno yale.

"Ulikaa," alisema.

"Nilikaa, Shaushi!"

"Wewe ulikaa." Akavuta blanketi. "Mimi nimelala. Kati yetu sisi, nani ameanguka?"

Nikanyamaza, kwa mara ya kwanza si kwa aibu.

"Umebaki kikosini, Bwana Papasi. Sasa niletee... niletee yule mzee wa kitanda. Hiki kifupi."

Kicheko kilichotoka nje kilitisha ndege wa mtoni. Sefu alinibeba mgongoni akazunguka nami banda zima, na kibuyu cha maji ya Sanje kikamwagika chote, tukalowa. Hakuna aliyejali.

Mjomba alikuja na mtumbwi siku ya pili, akidhani anakuja kuchukua kitanda chake. Alisimama mlangoni, akamwona aliyelala.

"Nilisema akipona."

"Sijapona," alisema Shaushi kutoka ndani ya blanketi.

Mjomba akatoka nje bila kucheka, lakini lile sikio lake lilikuwa linachezacheza. Jioni hiyo kikosi kizima, kwa amri, kiliketi chini ya upenu wa banda kikisuka kamba za kitanda kirefu cha Shaushi, na Mjomba anapita katikati ya safu akizikagua kwa kidole, anaivuta moja, anasema, "Hii atalalia nani, kuku? Rudia." Mimi nilikuwa mwisho wa safu. Alipofika kwangu akachuchumaa, akashika kamba yangu, akaikaza kama ya upande wa kichwani.

"Marahaba," alisema.